Barua ya TRA imeshuka Dar, mwenyewe yuko Makorora

Maswali ya wasomaji kuhusu kodi na biashara. Anajibu Bi Mhasibu wa Chumbageni, Tanga.

Shikamoo Bi Mhasibu. Nina kampuni ndogo ya kufungasha viungo hapa Makorora. Hiliki na pilipili manga nazichukua Amani, mdalasini Muheza, tunasaga, tunapaki, tunauza Dar na Arusha. Tulipoandikisha kampuni, rafiki yangu alinishauri nisiweke anwani ya Tanga, eti wateja wakubwa wakiona Makorora hawaagizi. Nikalipia ofisi pepe katikati ya Dar es Salaam, sh. 90,000 kwa mwezi. Kwa hela hiyo napata jina la jengo, ghorofa ya saba, dada wa mapokezi anayepokea barua, na chumba cha mkutano mara mojamoja. Anwani hiyo ndiyo iko BRELA, kwa wasajili wa kampuni, na ndiyo iko kwenye TIN, namba ya mlipakodi.

Sasa tarehe 22 nimetumiwa kwa barua pepe picha za barua mbili kwa mpigo. Ya kwanza TRA wanaomba maelezo ya fedha zilizoingia benki; hiyo ni ya miezi miwili nyuma. Ya pili ni makadirio, nadaiwa sh. 18,600,000, na ina mhuri wa mapokezi wa tarehe 3 mwezi huu. Nyingi ya fedha hizo si mauzo. Familia iliuza shamba Muheza, malipo yakapitia akaunti ya kampuni kabla ya kugawanywa. Deni ninalolikubali mimi ni kama milioni mbili. Je, naweza kusema sikuipata barua? Na hii anwani ya kulipia ni halali au nilitapeliwa?

*Mfungasha viungo, Makorora*

Marahaba, mwanangu. Gazeti halina mbio za kushindana na siku 30 za kupinga makadirio, kwa hiyo barua yako ilipofika nilikutafuta kwa simu, na tuliyozungumza unayajua. Hapa naandika kwa ajili ya wenzako. Ofisi za namna hii zimekuwa nyingi, na wanaozilipia wakiwa Tanga si wewe peke yako.

Nianze na la kwanza: hapana, huwezi kusema hukuipata. Kampuni si wewe. Ni mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi anaishi pale ulipoandika kwamba anaishi. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inataka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa hapa nchini, mahali ambapo barua na notisi zinaweza kupelekwa. Wewe mwenyewe ulikwenda BRELA ukasema mahali hapo ni ghorofa ya saba, Dar. Ukaenda TRA ukasema hivyo hivyo. Dada wa mapokezi alipogonga mhuri tarehe 3, kampuni yako ndiyo iliyopokea. Mtu hamtumi mtoto mlangoni kumpokea mgeni, halafu akadai mgeni hakufika.

Na siku zinahesabiwa kutoka hapo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi, tangu alipofikishiwa. Haisemi tangu alipofungua bahasha, wala tangu alipotumiwa picha. Kati ya tarehe 3 na tarehe 22 ofisi uliyoilipa ilikula zaidi ya nusu ya siku zako, na hakuna anayeweza kuzirudisha. Sisi Tanga tunajulikana kwa waja leo waondoka leo, lakini barua ya makadirio ikija haiondoki.

Hata hivyo, barua iliyokuumiza hasa ni ile ya kwanza. Ile haikuwa na deni. Ilikuwa inauliza: fedha hizi ni za nini? Ingekukuta mezani Makorora ungeijibu kwa jioni moja, ukaambatanisha mkataba wa mauzo ya shamba, taarifa ya benki inayoonyesha fedha zimeingia na zimetoka kwenda kwa ndugu, na barua ya familia. Huenda mambo yangeishia hapo. Ikalala kwenye trei ya watu, jibu halikwenda, na muda ulipopita ofisa akafanya hesabu kwa kile alichokuwa nacho mkononi, yaani taarifa ya benki. Fedha imeingia kwenye akaunti ya kampuni na haina maelezo. Yeye aiandike nini kama si mauzo? Wanaosema barua zisizo na tarakimu ya deni si za haraka wanajidanganya. Mimi barua inayouliza swali ndiyo naikimbilia kwanza, kwa sababu hapo bado unazungumza. Makadirio yakishatoka unapinga, na kupinga kuna gharama.

Gharama yenyewe ndiyo hii ambayo wengi hawaijui mpaka wafike dirishani. Pingamizi halipokelewi kwa maneno matupu. Kwanza unalipa: ama kodi usiyobishania, ama theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kubwa kati ya hizo mbili. Kwako wewe unakubali milioni mbili. Theluthi ya 18,600,000 ni 6,200,000. Kwa hiyo ni 6,200,000, wala usiende na milioni mbili ukadhani umetimiza. Kama huna, sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna Mkuu wa TRA akupunguzie au akuondolee sharti hilo, kwa maandishi na kwa sababu za msingi, na ombi hilo liende ndani ya muda, pamoja na pingamizi. "Biashara ni ngumu" si sababu. Taarifa ya benki inayoonyesha salio, orodha ya mishahara, na ushahidi kwamba fedha zinazobishaniwa hazikuwa za kampuni tangu mwanzo, hizo ni sababu.

Pingamizi lenyewe liwe barua inayosema unapinga nini na kwa nini, kipengele kwa kipengele. Usiandike malalamiko, wala usimwage historia ya maisha. Mkataba wa shamba, hati, uthibitisho wa malipo kwenda kwa kila ndugu. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani, uiweke pasipo na panya.

Muda ukiwa umeshapita? Unaweza kuomba kuongezewa, ukieleza kilichokuzuia: kuwa nje ya nchi, ugonjwa, au sababu nyingine ya maana. Hapa nikwambie ukweli, ingawa hutaupenda. "Ofisi niliyoilipa haikuniambia" ni sababu dhaifu, maana ofisi hiyo uliichagua wewe. Nisingeitegemea. Kamishna Mkuu akikataa pingamizi, iko Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza la Rufani za Kodi, na juu kabisa Mahakama ya Rufani, kila mlango na siku zake. Ukikaa kimya, deni linageuka la kukusanywa, na TRA wanao uwezo wa kuiagiza benki yako ilipe kutoka kwenye akaunti ya kampuni. Hapo ndipo mtu anapokwenda kutoa hela ya mishahara, akaambiwa akaunti imezuiwa, akashangaa kana kwamba ni jambo la ghafla. Wakati huo ghorofa ya saba wanajua tangu mwezi uliopita.

Usafiri nao uuhesabu. TIN yako iko kwenye anwani ya Dar, basi faili lako liko kwenye mkoa wa kikodi wa Dar. Kila ofisa anapokuita kwa mazungumzo, wewe ni wa basi la alfajiri kutoka Kange, na biashara unamwachia shemeji. Ile 90,000 ya mwezi haikuwa bei yake yote.

Sasa uhalali. Hukutapeliwa. Kuweka ofisi iliyosajiliwa kwenye jengo la mtu mwingine si kosa. Mawakili wamekuwa wakitoa anwani za ofisi zao kwa kampuni za wateja wao kabla hata hizi ofisi pepe hazijazaliwa, na mambo yalikwenda, kwa sababu wakili akiona bahasha ya TRA anajua maana yake. Shida yako iko kwingine: uliifanya anwani moja ifanye kazi tatu. Ofisi iliyosajiliwa ni ile ya BRELA. Mahali biashara inapofanyika ni pale penye mashine za kusaga, wafanyakazi na magunia, na hapo ndipo panapotakiwa kuonekana kwenye TIN na kwenye leseni ya Halmashauri ya Jiji la Tanga. Ya tatu ni anwani ya barua: sanduku la posta, barua pepe na namba ya simu. Zinaweza kuwa sehemu moja, zinaweza kuwa tatu tofauti. Ya katikati lakini haina hiari, lazima iwe ya kweli. Pilipili manga haisagwi ghorofa ya saba. Risiti zako za mashine ya EFD zinatoka na anwani ya Dar, mzigo unapakiwa Makorora. Siku ofisa akiusimamisha mzigo njiani akauliza, utaanza kueleza mambo ambayo karatasi yako inayakanusha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uende TRA ukabadilishe taarifa za TIN, eneo la biashara lisomeke Makorora, na faili lihamie Tanga. Usifanye hivyo katikati ya ubishi huu kwa matumaini kwamba deni litapotea njiani. Halipotei. Peleka pingamizi kwanza pale faili lilipo, kisha omba uhamisho. BRELA unabadilisha ofisi iliyosajiliwa kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na usichanganye: kubadilisha BRELA hakubadilishi TRA, na TRA hakubadilishi leseni. Nimeona watu waliobadilisha sehemu moja, wakaenda nyumbani kulala usingizi.

Anwani mpya iwe ipi? Nyumba yako mwenyewe inatosha. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba ina namba, barabara ina jina na kata ina postikodi, na fomu zinauliza hayo hayo. (Watu wa Ngamiani walituwahi wote, barabara zao zina namba tangu zamani, ukisema Barabara ya 12 hakuna anayepotea.) Ukitaka chumba cha mbele cha ofisi mjini, kipange, ila ujue kampuni inapolipa pango inamkatia mwenye nyumba kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA, na mkataba una ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango la mwaka. Waambie wenye nyumba mapema, wengine hukasirika wakikatwa.

Ukiona bado unaitaka Dar kwa ajili ya wateja, baki nayo kwenye kadi ya biashara na utumie chumba chao cha mkutano. Sikukatazi, ingawa sijaona mtu anayenunua hiliki kwa sababu ya ghorofa. Ila kama utaendelea kuiacha BRELA, fungua tena mkataba wao uusome. Mikataba niliyoletewa mezani huandika kwamba barua "zitashughulikiwa", basi. Neno hilo halina siku ndani yake. Dai waandike kwamba bahasha yoyote ya TRA, BRELA, halmashauri au mahakama itapigwa picha na kutumwa WhatsApp siku ileile ya kazi, kwa watu wawili siyo mmoja, na kwamba karatasi yenyewe itatumwa kwa basi kesho yake kwa gharama yako. Waambie wawe na daftari la kupokea, lenye tarehe na saini. Na uulize swali ambalo hawapendi kuulizwa: nikichelewa kulipa ada ya mwezi, barua zangu mnazifanyaje? Wapo wanaozirudisha. Wapo wanaozitupa. BRELA hawajui kwamba ada yako imeisha. Kwao wewe bado uko pale, na ofisa akiiacha barua pale, imefika. Kama wao wenyewe wakihama jengo, na hawa wa ofisi pepe huhama, hali ni hiyo hiyo.

Mwisho kwako: hakikisha barua pepe na simu iliyoko kwenye akaunti ya TRA ya mtandaoni ni yako. Siku hizi mengi yanapita humo, na inawezekana ile barua ya kwanza ilikuwa na mwenzake kwenye kikasha usichokifungua. Ulipoiangalia tukiwa kwenye simu ulinyamaza kidogo, nikaelewa.

Bi Mhasibu, salamu. Tuna kampuni ya vifaa vya ujenzi Ngamiani, mimi na mume wangu ndio wakurugenzi. Mhasibu aliyetuandikishia TIN aliweka namba yake ya simu na barua pepe yake. Tumekosana naye kuhusu malipo, sasa hapokei simu. Ujumbe wote wa TRA unakwenda kwake na nywila anayo yeye.

*Mama Duka, Ngamiani*

Dada yangu, hiyo nayo ni ofisi pepe, tofauti yake haina hata dada wa mapokezi. Wenzangu wa kalamu watanichukia, lakini nitasema: mhasibu anayeweka namba yake kwenye TIN ya mteja anajua anachofanya. Wengine hufanya kwa wepesi, mteja hana barua pepe, kazi inataka kwisha. Wengine wanajifunga kwako kwa kamba, ili usiondoke.

Usimbembeleze na usimtishie. Mkurugenzi mmoja aende mwenyewe ofisi ya TRA, si kumtuma kijana, akiwa na kitambulisho cha NIDA, cheti cha usajili wa kampuni, na barua yenye kichwa cha kampuni iliyosainiwa na nyote wawili, ikiomba simu na barua pepe vibadilishwe. Muombe ofisa akuonyeshe pia kama yuko mtu aliyeandikwa kuwa mwakilishi wenu wa kodi, na kama ni yeye, aondolewe kwa maandishi. Kisha fanyeni hivyo hivyo BRELA.

Barua pepe mpya iwe ya kampuni, nywila muijue nyote wawili, na mhasibu ajaye apewe ruhusa ya kufanya kazi bila kukabidhiwa mlango mzima. Laini ya simu iwe iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mmoja wenu. Laini ya mfanyakazi wa duka haifai. Akiacha kazi anaondoka nayo mfukoni.

Halafu kabla hamjapumua, ombeni kuona ritani, yaani taarifa za kodi, zilizokwisha kuwasilishwa. Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi nanyi kuliko kwenye nywila. Kama mmesajiliwa VAT, ritani ya kila mwezi inatakiwa ifike kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kodi ya mishahara inalipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mtu mliyekosana naye hakuwa na sababu ya kuwakumbusha. Mkikuta mapengo, yajazeni wenyewe upesi kabla hamjaulizwa. Hela mnayobishania naye ni kesi nyingine, msiichanganye na hii.

Bi Mhasibu, niko Pangani, naanzisha nyumba ya wageni. Sina sanduku la posta. Naweza kutumia S.L.P. ya shule anayofundisha mume wangu?

*Mgeni wa biashara, Pangani*

Kwa barua tu, unaweza, mkuu wa shule akikubali. Lakini sanduku haliondoi wajibu wa kutaja nyumba yenyewe iko mtaa gani na namba gani. Na walimu huhamishwa, dada. Siku mumeo akipelekwa Handeni, barua zako zitaendelea kufika shuleni, zikichukuliwa na mwanafunzi wa zamu. Lipia lako mwenyewe.

Shikamoo bibi. Nina mtoto wa kaka yangu, yuko hapa Raskazone, anatengeneza tovuti kwa ajili ya wateja wa Ulaya. Amefungua kampuni Uingereza kwa mtandao, bila kusafiri, na anwani amelipia ya London. Anasema barua za kodi za huko zitapokelewa na kuskaniwa, na kwamba kwa kuwa kampuni ni ya Uingereza, TRA haimhusu. Mimi sielewi, ila roho haijatulia.

*Shangazi mtu, Raskazone*

Marahaba. Roho yako imefanya kazi nzuri kuliko programu aliyoitumia kuandikisha.

Upande wa barua kwanza, maana huko yuko salama kidogo. Uingereza walibadilisha sheria yao, na tangu tarehe 4 Machi 2024 ofisi iliyosajiliwa lazima iwe mahali ambapo barua ikifikishwa itamfikia mtu anayeiwakilisha kampuni, na kupokelewa kwake kuweze kuthibitishwa. Sanduku la posta peke yake halikubaliki tena. Ofisi pepe yenye watu wa kweli inakubalika. Isipokidhi, Companies House, ambao ndio wasajili wao, wanaweza kuihamishia kampuni kwenye anwani yao wenyewe, na ikipita siku 28 bila uthibitisho wa anwani halali, wanaweza kuanza kuifuta. HMRC, yaani TRA ya kule, hutuma kwa posta kwenye anwani hiyo ile namba ya kodi ya kampuni yenye tarakimu kumi, na bila namba hiyo hawezi kufanya lolote la kodi. Muulize kama anayo. Kama kampuni ina miezi kadhaa na hana namba, basi bahasha iko kwenye droo ya mtu London. Na wao pia kupinga uamuzi wa HMRC ni siku 30. Skani ikichelewa huko, inachelewa kama ya Dar.

Lakini kosa lake kubwa halimo kwenye bahasha. Anadhani anwani ndiyo inayoamua kodi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaihesabu kampuni kuwa mkazi wa Tanzania ikiwa imeandikishwa hapa, au ikiwa uongozi na usimamizi wake unafanyika hapa, hata kwa sehemu ya mwaka. Kampuni ya mpwa wako mkurugenzi wake ni mmoja, anakaa Raskazone, anaamua kila kitu akiwa Raskazone, na kompyuta iko chumbani kwake. Ghorofa ya London haijawahi kumwona. Basi kwa Tanzania hiyo ni kampuni mkazi, na kampuni mkazi inatozwa kodi ya mapato yake yote, kokote yanakotoka, asilimia 30 ya faida. Kwa Uingereza nayo, kwa sababu imeandikishwa kule, ni mkazi wa kule, na faida ndogo ya hadi pauni 50,000 wanaitoza asilimia 19.

Nchi mbili zikidai mtu mmoja, kwa kawaida unatazama mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Tanzania inayo mikataba hiyo na nchi kama India, Zambia, Afrika Kusini na Sweden. Uingereza haimo. Sheria yetu inatoa unafuu kwa kodi iliyolipwa nje, ila ni kwa mapato yenye chanzo nje, na kazi inayofanywa kwa mikono Raskazone chanzo chake ni Raskazone, hata kama mteja yuko Berlin na hela imepitia London. Unafuu huo unaweza usimfikie hata shilingi. Kijana alitafuta wepesi wa kupokea malipo, sawa, naelewa kwa nini. Ila kwa faida anayoipata, kampuni ya hapa hapa, au hata TIN yake binafsi, ingemgharimu kidogo kuliko kuwalipa wawili.

Asikurupuke kuifunga ile ya London leo. Kuifunga nako kuna taratibu, na HMRC watataka hesabu za mwisho. Mwambie aje na cheti cha usajili, mkataba wa hiyo anwani, na taarifa za benki za tangu ilipofunguliwa. Jumamosi niko ofisini Chumbageni hadi adhuhuri. Aje yeye mwenyewe, shangazi, usije kumwakilisha.